Kabla ya Kuketi Kwenye Kiti cha Saluni: Somo la Mlaji Kuhusu Huduma za Urembo na Utunzaji wa Mwili

Kutoka Tegeta hadi Mbagala Rangi Tatu, ni nadra mtu kutembea mtaa mzima bila kukuta kibao cha saluni, banda la kinyozi, au kijana aliyebeba kikapu cha rangi za kucha akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Sambamba na hao, katika miaka ya karibuni zimeongezeka nyumba zinazojiita spa, zinazotoa masaji, mvuke, kusugua mwili na kusafisha uso. Mlaji wa Kinondoni au Temeke hununua huduma hizi mara kwa mara, lakini ni mara chache huzinunua kwa uangalifu uleule anaoutumia anapochagua samaki Feri au kitenge Kariakoo. Samaki aliyeharibika hutupwa. Ngozi iliyoungua, nywele zilizokatika na ugonjwa ulioingia kupitia wembe mchafu havitupwi, hubaki na mwenyewe.

Somo hili linakusudia kumsaidia mlaji kuamua mambo matatu: huduma ipi inastahili fedha yake, nani anastahili kumpa huduma hiyo, na afanye nini endapo mambo yataharibika.

Je, ni anasa?

Wako wanaosema kuwa fedha inayoingia saluni ni fedha iliyopotea. Kauli hiyo haina mashiko makubwa katika pwani hii. Kabla neno spa halijafika Dar es Salaam, wanawake wa Mrima na visiwani walikuwa na singo, mchanganyiko wa maua kama langilangi, yasmini na mawaridi pamoja na viungo, ambao bibi harusi husingwa nao mwili mzima kabla ya ndoa. Walikuwa na liwa iliyosagwa juu ya jiwe, udi wa kufukiza nguo na nywele, hina ya mikono na miguu, na mama aliyejifungua alikandwa kwa maji ya moto na watu waliojua kukanda. Kazi hizo zilikuwa na mafundi wake, akina somo na kungwi, na mafundi hao walilipwa au kutunzwa. Kwa hiyo mtu anayelipa leo ili asuguliwe miguu baada ya kusimama wiki nzima jikoni au kwenye kizimba cha soko hafanyi jambo la kigeni.

Swali la mlaji basi si kama kujitunza kuna haki, bali ni lipi kati ya yanayouzwa kwa jina hilo lina faida. Njia rahisi ya kulitazama ni kujiuliza kama kazi hiyo inahitaji mkono wa mwingine na ujuzi ambao huna. Kusuka, kuweka dawa ya kulainisha nywele, kupaka rangi nywele zote na kukandwa mgongo ni kazi za fundi. Kupaka mafuta, kuloweka miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu, kusugua kisigino kwa jiwe na kujifukiza uso ni mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani kwa gharama ndogo, na akilipia basi alipie kwa sababu anataka kupumzika, si kwa sababu ameambiwa kuna siri ndani yake. Yapo pia mambo ambayo hayafai kununuliwa popote, hata yakitolewa bure. Tutayafikia.

Mlaji afanye hesabu ya mwaka, si ya siku. Tuseme mtu hulipa Sh. 15,000 kila baada ya wiki mbili. Kwa mwaka wa majuma 52 atakuwa amelipa mara 26, yaani Sh. 390,000. Akiamua kwenda mara moja tu kwa mwezi kwa fundi aliye ghali zaidi, wa Sh. 20,000, lakini mwenye ujuzi na vifaa safi, atalipa Sh. 240,000 na kubakiwa na Sh. 150,000. Rahisi ya mara kwa mara inaweza kuwa ghali kuliko ghali ya mara moja, na hapo hatujahesabu nauli wala gharama za hospitali. Bei za saluni hazipangwi na Serikali. Hivyo ni juu ya mlaji kuuliza bei kamili kabla ya kuketi, na kuuliza kama bei hiyo inajumuisha dawa, mafuta na nywele za kusukia.

Ngozi na biashara ya weupe

Hakuna eneo la urembo ambalo mlaji wa Dar es Salaam hudanganywa zaidi kuliko ngozi. Watu wameizoea biashara hii kwa jina la mkorogo, kwa maana mwuzaji huchanganya krimu kadhaa katika kopo moja, pengine akiongeza vidonge vilivyosagwa au dawa ya maji, kisha kuuza bila lebo. Anayenunua hajui ananunua nini. Mara nyingi hata anayeuza hajui.

Tangu mwaka 2003 Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato kadhaa vya sumu, vikiwemo zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Inafaa mlaji ajue kila kimoja kinafanya nini, kwa kuwa mtu huacha kwa urahisi zaidi kitu ambacho ameelewa madhara yake.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haibaki juu ya ngozi. Huingia mwilini na kuharibu figo, na pia hudhuru mishipa ya fahamu. Mama mjamzito huweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Isitoshe, zebaki hutoka kwenye ngozi ya mtumiaji na kubaki katika taulo, mashuka na mikono, hivyo watoto wa nyumba hiyo huipata bila wao kupaka chochote. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki, ulilenga kuviondoa sokoni vipodozi vya namna hii. Katika lebo zebaki huweza kuandikwa kwa majina mengine, kama vile calomel, mercuric iodide au ammoniated mercury. Ishara nyingine ni onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini: zebaki hushikamana na madini hayo, na mtengenezaji anajua.

Haidrokwinoni hung'arisha mwanzoni. Ikitumika kwa muda mrefu, hasa kwa mtu anayekaa juani, huweza kuleta weusi mzito wenye rangi ya samawati kwenye mashavu na karibu na macho, weusi ambao ni vigumu sana kuuondoa. Mtu aliyekuwa akikimbia weusi huishia kuupata wa aina mbaya zaidi. Steroidi nazo, kama clobetasol na betamethasone, ni dawa za hospitali zenye kazi yake halali. Zikipakwa kila siku bila usimamizi huikondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana, huleta michirizi isiyofutika, chunusi na vinyweleo usoni, na kidonda kidogo hukawia kupona. Madaktari wa upasuaji hupata taabu kushona ngozi ya namna hiyo. Mtu anapoacha steroidi ghafla uso huweza kuwaka, kuwasha na kuvimba, naye huona kwamba krimu ndiyo iliyokuwa ikimsaidia na kuirudia. Aliyekwisha kuzoea krimu hizi asione aibu kwenda hospitali na kopo lake mkononi. Daktari ataweza kumsaidia kuacha kwa utaratibu.

Wanaotumia mkorogo hutambulika kwa vifundo vya vidole, ambavyo hubaki vyeusi wakati mkono mzima umebadilika. Mtaani jambo hilo hufanyiwa mzaha, na mzaha huo haujawahi kumtibu mtu yeyote. Ukweli ni kwamba rangi ya ngozi nyeusi ni kinga dhidi ya jua la nchi hii. Anayeiondoa huvua kinga.

Baadhi ya wauzaji hujihami kwa neno asili. Neno hilo lisimlaze mlaji. Zebaki yenyewe ni ya asili, hutoka ardhini. Kinachohitajika kwenye kopo ni jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na uhakika kwamba kipodozi kimesajiliwa. Usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019 ulipohamishiwa huko kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo sasa inaitwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Mlaji mwenye shaka kuhusu kipodozi aiulize TBS.

Nani basi asaidiwe saluni kuhusu ngozi? Mwenye ngozi yenye afya anayetaka kusafishwa uso, kuondolewa uchafu kwa taratibu na kupumzika. Mwenye chunusi nyingi, madoa yanayokua, upele usiopona au doa lililobadilika umbo hahitaji fundi wa urembo, anahitaji daktari. Na fundi anayekamua chunusi kwa kucha afadhali akatazwe palepale, kwani kwenye ngozi nyeusi kila jeraha dogo huweza kuacha doa la miezi.

Nywele

Dawa za kulainisha nywele zina magadi makali, na aina nyingi hufanana kwa ukali na vitu vinavyotumika kutengenezea sabuni. Ndiyo maana hufanya kazi, na ndiyo maana huunguza. Fundi mwenye ujuzi huuliza kwanza kama umejikuna au umefumua misuko siku hizo, hukagua kichwa kama kina vidonda, hupaka mafuta mazito pembezoni na masikioni, huvaa glavu, huangalia saa, na huosha kwa shampuu maalumu ya kuua ukali wa dawa. Mlaji anayehisi moto kichwani aseme mara moja. Ile kauli ya kuvumilia kidogo ili nywele zikubali haina ukweli wowote ndani yake. Kinachokubali hapo ni ngozi, kwa kuungua. Watoto wadogo wasiwekewe dawa hizi.

Zipo dawa nyingine za kunyoosha nywele, zinazouzwa kwa jina la keratini, ambazo baadhi yake hutoa mvuke wa formaldehidi zinapopigwa pasi. Mvuke huo huchoma macho na koo, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaoshughulikia saratani wameiweka formaldehidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mteja huketi hapo mara chache kwa mwaka. Msusi huivuta kila siku, katika chumba ambacho pengine dirisha limefungwa ili kiyoyozi kifanye kazi.

Kuhusu misuko, lawama kubwa ni ya kukaza. Nywele za mbele na za pembeni zikivutwa kwa miezi na miaka hung'oka taratibu, na mashina yakishakufa hazioti tena. Dalili za mapema ni maumivu yanayozuia usingizi usiku wa kwanza, vipele kwenye mstari wa nywele, na wekundu unaozunguka kila shina. Msuko unaouma haujapendeza, umekazwa. Hatari ni kubwa zaidi kwa nywele zilizowekwa dawa kisha zikasukwa rasta nzito. Mama anayempeleka binti yake kusukwa kwa ajili ya sikukuu ana haki ya kumwambia msusi alegeze, na msusi mzuri hatakasirika.

Hina na piko

Hina halisi hutoka kwenye majani ya mhina, huacha rangi ya machungwa inayokolea hadi kahawia, na huhitaji saa kadhaa kushika. Piko, ile nyeusi inayotumika sana kwenye harusi za pwani, kwa kawaida ni rangi ya unga ya kutia nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hiyo huruhusiwa ndani ya rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, na hairuhusiwi kabisa kupakwa kwenye ngozi. Hapa kwetu fundi huikoroga kwa makadirio ya jicho na kuichora moja kwa moja juu ya mikono ya bibi harusi, pengine na ya wadogo zake wa miaka sita.

Wengi hawapati dhara mara ya kwanza. Tatizo la PPD ni kwamba mwili huweza kuijifunza na kuikataa milele. Mara ya pili au ya tano ua lililochorwa huvimba, hujaa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua lenyewe. Mtu huyo hataweza tena kutia nywele zake rangi nyeusi bila hatari, hata atakapokuwa mzee mwenye mvi. Kwa hiyo tunashauri waziwazi: hina ndiyo, piko hapana, na kwa mtoto isifikiriwe kabisa. Anayetaka rangi ya nywele afanyiwe kwanza jaribio, tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, na kusubiri saa 48. Saluni isiyotaka kusubiri siku mbili inataka fedha ya leo.

Kucha, wembe na beseni

Vijana wanaotembeza rangi za kucha wanafanya kazi halali inayowalisha, na wateja wao wengi ni akina mama ambao hawana muda wa kwenda saluni. Somo hili halikusudii kuwaharibia. Lakini vifaa vyao, sawa na vya saluni nyingi zenye viti vya kifahari, hupita kutoka mguu hadi mguu. Mkasi unaokata ngozi ya ukucha, kisu cha kukwangua kisigino, wembe na mashine ya kinyozi vyote huweza kubeba damu isiyoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Fangasi wa kucha na mapunye ya kichwani hayahitaji hata damu ili kuenea.

Kuchovya kifaa katika spiriti kwa sekunde chache hakutoshi. Kwanza kifaa kioshwe kwa sabuni na brashi, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Kisha kilowekwe kwenye dawa ya klorini iliyochanganywa kwa kipimo sahihi, kwa muda usiopungua dakika 10, na kusuuzwa. Bora zaidi ni mashine ya mvuke wa mgandamizo, kama zile za hospitali. Yale makabati yenye taa ya samawati ambayo saluni nyingi huyaonyesha kwa fahari hayatoshi peke yake kuua vijidudu. Ni mahali pa kutunzia kifaa ambacho tayari kimesafishwa.

Njia nafuu kuliko zote iko mikononi mwa mlaji. Nunua mkasi wako, tupa yako ya kucha, wembe wako mpya na, kwa mwanamume, kichwa cha mashine au mashine yako mwenyewe, uvitie ndani ya mfuko mdogo, uende navyo. Tupa ya karatasi na kijiti cha mti havisafishiki; vitumike kwa mtu mmoja tu. Kinyozi wa Tandika au Mwananyamala hatashangaa kuona mteja na kifaa chake, wengi wamekwisha kuzoea. Aidha, watoto wetu hupata chanjo ya homa ya ini B pamoja na chanjo zao za kawaida, lakini watu wazima wengi hawakuipata. Wanaofanya kazi saluni wangepaswa kuwa wa kwanza kuulizia hospitalini.

Beseni la miguu nalo lisidharauliwe. Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville jimboni California, Marekani, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu yaliyokaa miezi miguuni. Uchunguzi uligundua bakteria waliojificha nyuma ya vichujio vya mabeseni yenye mashine za kuzungusha maji, mahali ambapo hapakuwa pamesafishwa. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa wembe huacha michubuko. Mafunzo mawili yanafaa hata kwa Keko na Kawe: usinyoe miguu siku ya kwenda kusuguliwa, na beseni la plastiki linalosuguliwa kwa sabuni mbele yako ni salama kuliko beseni la umeme usilojua limefunguliwa lini. Mwenye kisukari asikwanguliwe kisigino kwa kisu. Kidonda kidogo cha mguu kwake ni jambo la hospitali.

Masaji, mvuke na sindano

Masaji nzuri hupunguza ukakamavu wa misuli na kumpa mtu usingizi. Haitibu kisukari, haiondoi sumu kwenye damu, na haisafishi ini, ingawa vipeperushi vingi huahidi hivyo. Mtu mwenye homa, mguu mmoja uliovimba na kuuma, mfupa uliovunjika au uvimbe asiojua chanzo chake asikandwe kabla ya kumwona daktari. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa wasiingie chumba cha mvuke. Mtoa huduma anayejali atakuuliza maswali haya kabla hujavua viatu.

Mteja ana haki ya kufunikwa kwa taulo au shuka safi, kuchagua akandwe na mwanamke au mwanamume, na kusimamisha huduma wakati wowote. Kuguswa kinyume cha ridhaa si sehemu ya masaji ya aina yoyote, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto linalopokea malalamiko hayo.

Sindano na dripu za kung'arisha ngozi, kukuza maumbile au kuondoa makunyanzi ni tiba, si urembo. Saluni haina mamlaka ya kumdunga mtu. Anayefanya hivyo lazima awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, katika kituo cha afya kilichosajiliwa, kwa dawa inayotambuliwa na TMDA. Kama kitu kimojawapo kinakosekana, ondoka.

Kukagua kwa dakika tano

Fika mapema na utazame. Leseni ya biashara ya halmashauri iko ukutani? Maji yapo, hata kama ni ya ndoo yenye koki? Taulo hubadilishwa kwa kila mteja? Nywele za mteja aliyetangulia zimefagiliwa? Makopo yana lebo za mtengenezaji, au ni vyombo vya mtindi vilivyojazwa tena? Muulize fundi alijifunza wapi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambayo ina chuo chake Chang'ombe wilayani Temeke, imeweka pia utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini. Cheti hakimfanyi mtu kuwa fundi bora, na wasusi wengi hodari hawana cheti. Lakini anayechanganya kemikali aweze kueleza anachanganya nini.

Dai risiti. Risiti ya mashine ya kodi si kwa ajili ya mapato ya Serikali tu, ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Ukilipa kwa simu, lipa kwa namba ya biashara badala ya namba binafsi ya mfanyakazi, na utunze ujumbe wa muamala. Vifurushi vya harusi na vya miezi kadhaa viandikwe: huduma zipi, tarehe zipi, na kiasi gani kinarudishwa endapo shughuli itaahirishwa. Usilipe zaidi ya unachoweza kukubali kukipoteza.

Jambo moja jipya limeongezeka. Saluni hupenda kupiga picha za kabla na baada, na kuzirusha mitandaoni. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha yako haipaswi kutumika hivyo bila ridhaa yako. Unaweza kukataa, na hulazimiki kutoa sababu.

Madhara yakitokea

Dawa ikichoma, osha kwa maji mengi safi, kwa dakika 20 au zaidi, kabla ya kubishana. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Nenda hospitali; Mwananyamala na Temeke kuna hospitali za rufaa za mkoa. Chukua kopo lililotumika, au angalau picha ya lebo yake, kwa kuwa daktari hawezi kukisia kilichomo. Piga picha za jeraha siku hiyo na siku zinazofuata, na tunza stakabadhi za matibabu.

Kisha mwendee mwenye saluni, si fundi peke yake, umweleze unachotaka: kurudishiwa fedha, kulipiwa matibabu, au vyote. Malalamiko mengi huishia hapo kwa heshima. Yakishindikana, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya udanganyifu na ya bidhaa bandia. Kipodozi chenye shaka kipelekwe TBS, dawa na sindano TMDA. Uchafu wa saluni uripotiwe kwa afisa afya wa kata, ambaye ofisi ya serikali ya mtaa itakuelekeza alipo. Anayelalamika humkinga pia mteja wa kesho asiyejua kilichotokea.

Krimu yenye shaka isichomwe moto, kwa kuwa zebaki hugeuka mvuke na kuvutwa. Ifungwe ndani ya mfuko, iwekwe mbali na watoto, na uulizwe ushauri wa TBS au afisa afya.

Zoezi

Soma tangazo hili, ambalo limetungwa kwa ajili ya somo, peke yako au katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa.

"Bibi harusi, njoo ung'ae! Krimu yetu ya asili, haina kemikali, mwili mzima mpaka vidole, matokeo ndani ya siku 7. Piko na kucha bure. Kifurushi chote Sh. 120,000. Lipa nusu leo kwa namba ya simu hapa chini, nafasi ni chache. Fedha ikishalipwa hairudishwi. Picha za wateja wetu zipo ukurasani kwetu."

1. Ni maneno gani katika tangazo hili ambayo hayawezi kuwa ya kweli, na kwa nini?
2. Ni taarifa zipi za lazima ambazo hazikutajwa kabisa?
3. Huduma iliyotolewa bure inaweza kumgharimu bibi harusi kiasi gani, na kwa muda gani?
4. Binti yako amekwisha kulipa Sh. 60,000, na harusi ni Jumamosi ijayo. Anaomba ushauri wako leo jioni. Utamwambia aende, au aache fedha hiyo ipotee?